Amemwaga oili ya injini kwenye mtutu wangu, kisha ati mimi najua KUKU!

Mfugaji_Bahati:
Wadau, nimetoka uwanja wa shabaha sasa hivi. Naandikia ndani ya gari kando ya barabara ya Nyahururu, mikono inanuka gereji, na nikifika nyumbani hivi nilivyo nitamfokea hata mbwa.

Yule mzee nyote mnamjua. Wa kofia ya kijani. Ukifungua sanduku la bunduki tu, ashafika na chupa yake kabla hujaziba masikio. Akaniomba aitazame ile bunduki yangu ndogo ya .22, nikampa, maana ni mzee, nami nililelewa. Akachomoa komeo, akainua mtutu, akaanza kumimina. Si tone, jamani. KUMIMINA! Oili nyeusi tii, nadhani ilitolewa kwa lori wakati wa Mzee Kenyatta. Ilitiririka mpaka kwenye kitako cha mbao ambacho nimekisugua kwa mkono wangu miaka yote hii.

Nikasema, "Mzee, ngoja kidogo." Akageuka. Shemeji yangu amesimama pale, ametoka Kakamega asubuhi kuja kuniona nikipiga shabaha. Mzee akafuta kidole chake kwenye mkono wa jaketi yangu, polepole, upande huu na upande ule, akasema: "Kijana, wewe bunduki huijui. Wewe unajua kuku."

Unajua kuku!

Nimepitisha vitambaa kumi na kimoja. Cha kumi na kimoja kilitoka kama kimepangusa karai la mandazi. Nikapiga. Moshi uliotoka ungekausha samaki wa Kisumu nzima, na risasi ikaenda kutafuta udongo.

Hivi nani hajui kwamba risasi za .22 hutoka kiwandani zimeshapakwa nta au mafuta yake? Mtutu unaupaka mafuta membamba, kitambaa kimoja tu, ukienda kuuweka kabatini usishike kutu. Kabla ya kupiga unapangusa mpaka ukauke. Ukiujaza oili, risasi inakuta kizuizi njiani na mtutu unaweza kuvimba tumbo. Mzee ati "hata gobore la babu lilipakwa mafuta." Lilipakwa, ndiyo! Baruti nyeusi inaacha masizi magumu, kwa hivyo watu walipaka nta ya nyuki na mafuta ya mnyama ili masizi yalainike. Si oili ya lori! Hiyo ikikutana na masizi ya baruti nyeusi inakuwa lami. Nikamweleza hayo yote, akatazama kuku... namaanisha akamtazama shemeji, wakacheka. Mnaona alivyoniharibu kichwa?

Jogoo_la_Kondele:
Pole sana kaka. Lakini bunduki ulimpa kwa mkono wako. Swali dogo: ni kuku wa mayai ama wa nyama?

Mwalimu_Mstaafu:
Mafuta ya bunduki yameleta makubwa kuliko hayo. 1857 kule India, askari wa Kampuni ya Waingereza waliletewa bunduki za Enfield. Karatasi ya risasi iling'atwa kwa meno, na habari zikaenea kwamba imepakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe. Wahindu wakakataa, Waislamu wakakataa, uasi ukalipuka. Wewe umepakwa jaketi.

Mfugaji_Bahati:
Mwalimu, nakuheshimu, lakini shida si jaketi. Ni KUKU. Mbele ya shemeji.

Shem_wa_Kakamega:
Mimi ndiye huyo shemeji. Nilicheka kidogo tu. Na ile risasi haikukosa shabaha yako peke yake, ilikosa na ya jirani.

Jogoo_la_Kondele:
Wueh! 😂😂😂

Kinu_Kitale:
Afadhali nyinyi. Mimi fundi alinipakia grisi kwenye kinu cha posho mpaka unga ukatoka na harufu ya matatu. Gorogoro ishirini nilimwagia nguruwe, nao wakanusa wakaondoka. Fundi akaniambia "itazoea." Unga utazoea nini?

MamaAtieno_Ksm:
Msiniguse hapo kwa mafundi. Nimeshonesha nguo nyeupe ya kanisa, cherehani yake ikatema mafuta kifuani, doa kama sahani ya chai. Nimeuliza, ananiambia nivae broshi. Broshi ya ukubwa gani, ya kufunika sahani?

Kinu_Kitale:
Huyo si yule wa karibu na soko, mwenye redio?

MamaAtieno_Ksm:
Huyo huyo! Na wewe alikushonea?

Mfugaji_Bahati:
Jamani turudi kwenye mada. Alifuta kidole. Polepole. Upande huu na upande ule.

Kinu_Kitale:
Suruali yangu ilirudi mguu mmoja mrefu. Ati nimesimama vibaya akinipima.

MamaAtieno_Ksm:
Na pesa alichukua zote kwanza. Nitampitia Jumatatu na hiyo nguo mkononi, asikie soko lote.

Jogoo_la_Kondele:
Mfugaji, hujanijibu. Kama ni wa mayai, niko Lanet wiki hii kwa dada yangu. Nataka trei tatu.

Shem_wa_Kakamega:
Ni wa mayai, na kiini ni cha manjano kabisa. Niwekee na mimi mbili, naondoka kesho saa mbili.