Elinino 2015 tulitishwa, 2019 haikuwepo tukafurika: hizi modeli za kompyuta za kutabiri mvua zinaangalia nini hasa?

mkulima_makueni
Wakuu, naomba mwenye kuelewa anisaidie maana kila vuli ikikaribia huku Makueni ni mabishano. 2015 tuliambiwa Elinino kubwa inakuja jiandaeni kama 1997, mvua ikanyesha ndio lakini gharika ile hatukuiona. 2019 Elinino ya maana haikuwepo, na ndo mwaka ule mwezi wa 11 milima iliporomoka Pokot Magharibi ikaua watu. Satelaiti zote hizo, kompyuta zote hizo, zinakwama wapi? Mbegu ni hela, nikipanda ya muda mrefu mvua ikakata mapema nimekwisha.

pepo_za_kusi
Mkuu, wengi tunaangalia Pasifiki tu, kule Elinino inakozaliwa maji yakipata joto kuliko kawaida. Vuli yetu inashikwa zaidi na hii bahari yetu wenyewe, kuna kitu kinaitwa Daipoli ya Bahari ya Hindi: maji ya upande wetu yakipata joto kuliko kawaida na yale ya Sumatra kule Indonesia yakapoa, pepo zinageuka, mvuke unasukumwa huku tunamwagiwa sisi, Indonesia na Australia wanakauka. Elinino mara nyingi huiamsha hiyo daipoli ila sio lazima. 1997 zote mbili zilikuwa kali. 2015 Elinino ilikuwa kubwa mno lakini daipoli haikufika hata karibu na ile ya 97. 2019 daipoli ilikuwa kati ya kali kabisa zilizowahi kupimwa, ndo maana Australia iliwaka moto huku sisi tukifurika. Kwa hiyo ukisikia Elinino, uliza na Bahari ya Hindi inasemaje.

binti_salalah
Mmeongelea maji na upepo, viumbe je? Niko Oman. Mei 2018 kimbunga Mekunu kilitupiga hapa Salalah, Oktoba kikaja Luban, kule jangwani Rub al-Khali yakatuama maziwa kabisa, mchanga ukaota majani, na nzige wakazaliana humo vizazi vitatu hamna mtu anawaona. Wakashuka Yemen, wakavuka Somalia na Ethiopia, mwisho wa 2019 wakaingia Kenya wakakuta mvua ya hiyo daipoli imeshawaotesha chakula na kulainisha udongo wa kutagia. Modeli ya mvua peke yake haikuonyeshi hayo, lazima uunganishe bahari, mvua, ukijani unaoonekana kwa satelaiti na tabia ya mdudu mwenyewe.

Na inawezekana! Homa ya Bonde la Ufa, ule ugonjwa wa mifugo na watu unaoenezwa na mbu, mayai ya mbu wake hukaa kwenye udongo mkavu miaka yakisubiri mafuriko. 2006 watafiti wakasoma joto la bahari na ukijani wakatoa tahadhari mapema, Desemba ugonjwa ukathibitishwa Garissa. Tahadhari ilikuwepo na bado Kenya ikapoteza watu zaidi ya 100, hiyo inaniuma mpaka leo.

mkulima_makueni
Asante sana dada, hiyo ya nzige sikuijua. Na masika mbona ndo yanawashinda zaidi? Afu hizi asilimia wanazotoa nazisomaje?

pepo_za_kusi
Masika hayajafungamana na joto la bahari kama vuli, kwa hiyo modeli hazina pa kushika vizuri. Na hata zile za miaka mingi mbele zinasema yataongezeka, wakati vipimo tangu miaka ya 80 vilionyesha yanapungua, wataalam bado wanavutana.

Asilimia: modeli haiendeshwi mara moja. Kituo cha Ulaya, ECMWF, utabiri wa msimu wanauendesha mara 51 kila mwezi, kila mara hali ya kuanzia imesogezwa kidogo, maana kakosa kadogo leo kanakua mpaka kanageuza msimu mzima. Sasa ukiambiwa asilimia 45 mvua itakuwa juu ya wastani, asilimia 55 zilizobaki ni wastani au chini, sio ahadi hiyo. Mi kwa 45 ningepanda sehemu kubwa mbegu ya muda mfupi na pembeni mtama.

mkulima_makueni
Na hiyo daipoli naiangalia wapi?

pepo_za_kusi
Idara ya hali ya hewa ya Australia wanaitoa bure mtandaoni. Na ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha kanda yetu ya Afrika Mashariki, kwa kawaida hutoa utabiri wa vuli mwezi wa 8, usinunue mbegu kabla hujausoma.