Mama si mnene, mafuta ya kwenye moyo yametoka wapi?

Binti wa Pili
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mama yangu ana miaka 68. Si mnene: magauni yake ya zamani bado anayavaa, ila mwaka jana alifumua mshono wa kiunoni kwenye mawili. Shida yake ni pumzi. Akipanda ngazi anasimama katikati, anajifanya anatafuta kitu kwenye pochi.

Amepimwa eko ya moyo, ile picha ya mawimbi ya sauti. Kusukuma damu, asilimia 62. Chini wameandika kwamba misuli inachelewa kulegea na kuna mafuta juu ya moyo, milimita 8. Tukaambiwa "ni uzee tu, mama", akaitwa mgonjwa mwingine. Kama moyo unasukuma vizuri, pumzi inakatika kwa nini? Na mtu mwembamba anapataje mafuta hayo?

Mshika Eko
Dada, mimi ni mpimaji tu, mwaka wa 14 sasa. Matibabu aamue daktari.

Watu hukumbuka kwamba moyo unasukuma, wanasahau kwamba lazima kwanza ulegee ujae. Hiyo 62 ni ya kusukuma, yaani sehemu ya damu iliyojaa inayotoka kila pigo, na ni nzuri. Ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, ikikakamaa, damu inayotoka mapafuni haipati nafasi upesi, presha inarudi nyuma kwenye mapafu, mtu anahema. Umri peke yake huleta ukakamavu huo, kwa hiyo aliyesema uzee hakudanganya, alikata maneno tu.

Mafuta sasa. Kila moyo unayo, hata wa mwanariadha. Yamelala juu ya misuli, ndani ya mfuko wa moyo, na hakuna utando unaoyatenga na misuli. Yanalishwa na mishipa ileile ya moyo. Yakiwa kiasi ni jirani mwema, yanaupa moyo asidi za mafuta za kuchoma upate nguvu. Yakizidi, kemikali zake za kuchochea uvimbe zinapenya moja kwa moja kwenye misuli na kusaidia kujenga makovu madogo madogo. Tena yanabana nafasi ndani ya mfuko usiotanuka ovyo.

Kwenye skrini huonekana kama ukanda wenye chengachenga mbele ya ventrikali ya kulia, unacheza pamoja na moyo. Mpimaji mgeni huudhani maji! Kuhusu hizo milimita 8, hakuna mpaka mmoja: wengine huanza kuhesabu yamezidi kwenye 5, wengine 7.

Na wembamba? Umejibu mwenyewe, ule mshono. Baada ya kukoma hedhi mafuta huhamia tumboni kwa ndani, na ya moyo huongezeka pamoja nayo. Mizani inaweza isione kitu.

Babu Mbishi
Nakubali, ila tusiyatwishe mafuta kila kosa. Yanaandamana na presha, kisukari na kitambi, na kumjua mwizi kati ya hao wanne ni kazi. Mama apimwe presha na sukari kwanza. Miguu ikivimba, au akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, msisubiri tarehe ya kliniki.

Mimi nina 71 na majibu yangu yanafanana na yake. Kilichonitoa kwenye kiti ni utafiti wa Denmark wa 2019: watu 50 wenye kitambi wasiofanya mazoezi, wiki 12, mara tatu kwa wiki. Waliofanya mazoezi ya kuhemesha walipunguza mafuta ya juu ya moyo kwa asilimia 32, wa kuinua vyuma 24. Hiyo ni mafuta kupungua. Pumzi kurudi ni habari nyingine. Yangu imerudi kidogo, lakini presha nayo ilishuka, sasa nimshukuru nani?

Binti wa Pili
Asanteni sana. Jumatatu tunarudi kliniki, na nitauliza kama anaruhusiwa kuanza kutembea. Nimemsomea mama majibu yote. Ameuliza kitu kimoja tu: nani amewaambia habari za magauni yake.