Waliosoma kwa Kifaransa watapokelewa shule gani Mwanza?

Mstaafu_Nyegezi: Wakubwa shikamooni. Mimi ni mwalimu mstaafu. Hapa nyumbani nina watoto wawili, wa darasa la nne na la sita, wamesomeshwa kwa Kifaransa. Shule gani ya msingi itawapokea katikati ya muhula bila maswali mengi? Silali, presha imepanda.

Sato_wa_Kirumba: "Bila maswali mengi" tena, mwalimu? Watoto wa nani hao?

MamaDagaa: Wa dada yangu alihama Dar tu hapo, nikadaiwa cheti cha kuzaliwa, barua ya uhamisho, sijui nini. Nilizunguka mpaka soli ikaisha. Na baba yake yupo, anakunywa tu.

Mstaafu_Nyegezi: Ni wajukuu wa mwenzetu wa Chuo cha Ualimu Butimba, tulimaliza 1979. Aliolewa na mfanyabiashara wa Kongo, akahamia Bukavu, mume akafariki. Kundi letu la WhatsApp siku hizi ni tanzia, sukari na picha za miguu iliyovimba, yeye ndiye alikuwa anatuchekesha. Waasi wa M23 walipoiteka Goma Januari 2025 akawa anaandika usiku wa manane. Februari wakaingia Bukavu, kimya. Halafu ujumbe mmoja: "Mwalimu, watoto wanakuja kwako." Walipita Uvira, boti mpaka Kigoma, basi mpaka hapa. Yeye magoti hayamruhusu, kabaki. Wote watatu wanalala sebuleni.

Sato_wa_Kirumba: Na mwenyekiti wa mtaa umemwambiaje?

Mstaafu_Nyegezi: Nimewaandikisha kama wajukuu wa dada yangu wa Kigoma. Msinirukie! Nikisema ukweli watapelekwa kambini Nyarugusu, na bibi yao hakuwatuma kwangu wakaishi kambini. Wenzangu kwenye kundi wamekubali. Karibu wote.

Mtani_Igoma: Wajukuu wa Kigoma wanaosema "iko muzuri"? 😂 Mzee, mtaa mzima unajua.

Kamanda79: Vijana vita hamvijui. Machi 1979 ndege ya Libya, ikimsaidia Amin, ililenga matangi ya mafuta hapa Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Na 1994 maiti kutoka Rwanda zilipoteremka na Mto Kagera hadi ziwani, watu waliacha samaki. Nilikuwa nauza sangara, mtaji wote ukaozea kwenye barafu.

MamaDagaa: Pole Kamanda. Sasa watoto wasome wapi?

Wakili_Uchwara: Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inampa anayeingia siku saba kujitokeza, hata kwa mtendaji wa kijiji. Nenda Uhamiaji kabla hawajakufuata. Huo uongo wa Kigoma utakufunga wewe, si wao.

Jiwe_la_Bismarck: Mimi naona chai. Mwanzo watoto wawili, baadaye "wote watatu". Wamevuka Ziwa Tanganyika peke yao? Kesho ataweka namba ya kuchangia.

Mtani_Igoma: Chai ya maziwa kabisa. Picha!

Mstaafu_Nyegezi: Namba sijaweka na sitaweka. Wa tatu sikumhesabu kwa kuwa si wa kuandikishwa shule. Ana miaka kumi na saba, ndiye aliyewaleta wadogo zake. Huko alishabebeshwa bunduki. Ya upande gani, hasemi, nami siulizi. Haya wakili, huyo nimpeleke Uhamiaji nikaseme nini?

Wakili_Uchwara: Mzee, futa hiyo sasa hivi. Njoo inboksi.

Sato_wa_Kirumba: Afute nini, Jiwe ameshainukuu yote.