Baliniongeza dola 70 ku salere, nifanye nazo nini mbele ziyeyuke?

Mama_Kampemba (9 Novemba 2025)

Jambo bote. Benye kujua mambo ya feza munisaidie, juu kichwa inanizunguluka.

Minatumika ku ajansi moja ya mambo ya duane (forodha) hapa Lubumbashi, makaratasi ya makamyo yenye kupita Kasumbalesa, ku mupaka ya Zambia. Ni mwaka ya sita na ni mara ya kwanza banafikiria kuniongeza: nilikuwa na dola 480, sasa ni 550. Hiyo ni mbele ya kukata. Bakisha kutosha CNSS (feza ya uzee) na IPR (impo ya salere), yenye naona ku banki ni 57 hivi. Sitaki kulia, kuko benye hata kazi habana. Lakini hii feza iko kati-kati, ni kidogo ya kusema nitajenga na ni mingi ya kuacha iishie mu soko bila kuiona.

Hali yangu: batoto batatu, mukubwa iko na miaka 11, wa katikati 8, kadogo 4. Bwana yangu anatumika Kolwezi, anakuyaka siku chache kwa mwezi, kwa hiyo mu juma ni mi peke yangu. Naamuka saa kumi na nusu juu mayi ya robine kwetu inatoka paka saa ile, navuta mabidon, nawasha mbabula ya makala, nachemusha mayi ya kunawa, navalisha batoto, saa moja niko mu bisi. Mangaribi nafika saa moja, siku ya foleni saa mbili. Apo njo nianze kupepea makala. Bukari (ugali) inaiva kadogo amesha kulala ku kiti. Mukubwa analeta kaye yake, "mama niangalilie hii", na mi macho inafunga. Juma iliyopita nililala na kalamu yake mu mukono, ye njo alizima taa.

Sasa kila muntu iko na yake. Bwana anasema televizyo mupya, juu ile ya sasa iko na mustari mu kioo. Mama yangu wa Likasi anasema konjelatere (friza), niuzishe mayi ya baridi na samaki. Dada moja wa kanisa anasema niingie mu likilimba yabo (kuchanga feza, kila muntu anakamata yote ku zamu yake), dola 50 kwa mwezi, beko bantu 12. Mwenzangu wa kazi anasema repetitere, mwalimu wa kufundisha batoto ku nyumba. Na mi mwenyewe, naona haya kuandika hii, mi nataka paka kulala.

Mwenye alipitia hii, ulianza wapi?

Mwana_Katuba

Ya kwanza kabisa: funga kinywa. Mi baliniongeza dola 40, nikaropoka kwa furaha ku ndoa ya binamu yangu, mbele juma mbili ziishe nilikuwa na minervale (feza ya masomo) ya batoto benye hata sura yabo siyue. Na mama, ile ya televizyo... basi ninyamaze, si nyumba yangu.

Hesabu_Kwanza

Mama, mbele ya kuuliza utanunua nini, piga kwanza hii hesabu, na usikasirike na mi.

Mbele ya mwezi wa kenda dola moja ilikuwa 2,800 na kitu. Sasa, Novemba 2025, bakambiste (benye kubadilisha feza) banakupa 2,300, na siku ingine wanashuka chini ya pale. Sasa chukua 480 yako ya zamani mara 2,800: ni falanga 1,344,000. Chukua 550 yako ya sasa mara 2,300: ni 1,265,000. Umeona? Ku mezani ya mama wa sombe we ni masikini kuliko mbele bakuongeze, juu bei ya soko haikushuka kwa mbio yenye dola ilishuka nayo. Njo maana unasikia feza inaisha na unafikiri ni we huna akili. Hapana, ni kubadilisha njo kunakula.

Lakini si bintu byote biko mu falanga. Nyumba ya kupanga unalipa dola, sivyo? Na masomo ya private, minervale ni dola, trimestri tatu. Nguvu ya hii nyongeza iko pale. Usiibebe kwa kambiste ukarudi na mfuko ya falanga yenye kujaa macho, iache mu dola na ilipe kintu ya dola. Mi nilianza kutenga kidogo kidogo minervale ya Januari toka Oktoba, juu mwaka moja nilienda kwa banki lambere, muntu wa kukopesha na faida kubwa, nikakamata 100, kisha mwezi moja nikarudisha 140, na huyo muntu alinisalimia kwa furaha sana tangu siku ile. Sitaki tena ile furaha yake.

Ingine ndogo. Omba buletini ya salere uangalie kama batoto yote batatu beko pale. Mwaka hii ya 2025 impo inapunguka 2 kwa mia kwa kila muntu mwenye unalisha, mpaka bantu 9. Si mingi, lakini ni yako. Mara mingi kadogo wa mwisho njo anasahauliwa, muntu hakupelekaka akti ya kuzaliwa ku buro.

Mama_Mapacha_Ruashi

Mama Kampemba, konjelatere hapana. Nakuomba hapana.

Mi baliniongeza mu 2022, karibu sawa yako, nikafanya ile yenye mama yako anasema. Nikakamata konjelatere ya okazyo kwa deni, dola 30 kila mwezi, nikajaza karto ine za samaki ya Thomson. Mwezi wa kwanza ilikuwa muzuri, ba jirani banakuya na masahani, hata nilianza kuhesabu parseli ya kujenga. Kisha kabine ya umeme ya karitye ikaungua. Siku ya kwanza tunasema kesho. Siku ya pili tunasema kesho. Siku ya tatu asubui nafungua mulango ya jiko, mayi mwekundu inatambaa ku simenti mpaka chini ya mabidon, na paka ya jirani imeikala pale inaningojea sawa muntu mwenye aliitwa ku karamu. Karto ya chini ilikuwa laini sawa mukate mu chai. Nilizika samaki nyuma ya nyumba usiku juu ya haya, na mambwa wakazifukula. Ile konjelatere niliiuzisha ndiyo nimalize deni yake.

Kama karitye yako iko na umeme ya kweli sawa, pengine we utafaulu, kuko bamama banaishi na ile biashara. Lakini we hauko nyumbani mchana, nani atauzisha? Utaongeza kazi juu ya kazi.

Kisha pale nilikasirika, nikakamata kaye ya mutoto, ku ukurasa wa nyuma nikaandika juma nzima saa yangu inaendaka wapi. Si feza, saa. Kufula: siku ya posho (jumamosi) yote, toka asubui mpaka mugongo inakataa, na mashuka inarudi siku ya mungu. Makala: saa moja na nusu kila mangaribi, kuwasha, kupepea, kungojea. Mayi: sawa yako. Nikaona mi sikosake feza sana kuliko mangaribi.

Sasa njo nilifanya hii. Kuko mama moja wa karitye anakuya kufula asubui mbili mu juma, namulipa dola 20 kwa mwezi, sabuni ni yangu, na anakula penye tunakula. Umulipe tarehe moja, mama, usimwambie kesho kesho, ye pia iko na batoto na minervale inamungoja. Kisha nilinunua chupa ya gazi na jiko ya midomo mbili. Maharagi bado naachia makala, maharagi ku gazi ni kuchoma feza, lakini chai, mayi ya bukari, mboga, kapenta, ni gazi, dakika kumi. Na fu (pipa) ya lita 200 yenye tuliweka ka-robine chini, kijana wa ku kona anaijaza mchana kwa falanga kidogo, mi siamuke tena saa kumi.

Leo saa moja na nusu tumesha kula. Repetitere sikuchukua. Repetitere ni kulipa muntu afanye kazi yenye unaweza kufanya mwenyewe ukiwa macho.

Etidia_Kasapa

Mama Mapacha, ile ulifanya ku kaye ya mutoto baliipima kabisa. Mu 2017 Ashley Whillans, Elizabeth Dunn na benzao balitosha uchunguzi: baliuliza bantu zaidi ya 6,000 mu Marekani, Kanada, Denmark na Uholanzi, benye kulipa muntu abatoshee kazi za nyumbani balikuwa na furaha ya maisha kuliko bengine. Kisha Vancouver bakapa bantu 60 dola 40 wikendi moja banunue kintu, na dola 40 ingine wikendi ingine banunue saa, sawa kulipia mwenye kusafisha ao kuleta chakula. Ile ya saa njo ilibaacha na moyo muzuri siku ile. Na yenye ilinichekesha: mu mamilionea ya Uholanzi benye baliuliza, karibu nusu habatosake hata kuta moja kwa hiyo kintu.

Mwana_Katuba

Dola 40 kwa wikendi moja, ah Vancouver! Kule mayi inatoka ku robine saa yenye unapenda, mudogo. Mama huyu anataka kununua saa yenye mwenzake wa Vancouver alizaliwa nayo.

Etidia_Kasapa

Kweli, yaya. Lakini njo sababu saa ya huku iko bei chini na faida yake ni kubwa kuliko. Dola 20 kwa mwezi inarudisha siku ya posho nzima, mara ine. Nani tena anakuuzishia siku nzima kwa dola 5?

Tata_wa_Kamalondo

Batoto, munasema siku ya posho, siku ya posho, munajua inatoka wapi? Wakati ya Union Minière, kompani ya migodi ya wakati ya Babeleji, batumikaji balikuwa banapewa chakula ya juma, unga, mafuta, samaki, hiyo njo posho, na jina ikabakia ku siku. Salere ya baba yangu ilikuwa kidogo, lakini unga ilikuwa mu nyumba, hakuna mwenye aliweza kuikopa ao kuinywea pombe. Mi mwenyewe nilitumika Gécamines, kompani ya Serikali yenye ilikamata migodi ile, nilitoka mu 2003 na bale zaidi ya 10,000 benye balikamata feza ya kuondoka. Ile mwaka kila nyumba televizyo, kila njia Hiace ya okazyo. Ya kwangu ilitembea miezi saba. Nilikuwa naipenda sana ile gari, ilikuwa na pazia.

Mama, mi nakuongezea kintu moja tu. Mahindi inatoka mu shamba Aprili na Mei, bei inashuka. Januari, Februari inapanda, na mwaka ya 2024 wakati jua ilichoma Zambia munakumbuka vile tulilia hapa. Weka dola tano tano mpaka Mei, ununue mahindi nzima yenye haiyasagiwa, si unga, unga haikai, inaota badudu. Mahindi ikauke muzuri, uiweke juu ya mbao isiguse simenti, na unasagisha mfuko moja moja ku mashini. Hiyo ni posho yako mwenyewe.

Mama_Kampemba (14 Novemba 2025)

Nimerudi, musifikiri niliwakimbia, nilisoma yote mu bisi.

Hesabu, nilienda ku buro kuuliza, na kweli kadogo haiko mu makaratasi. Miaka ine! Shefu wa pale anasema nilete akti yake, nilipekua valizi yote mpaka nikaipata mu bibliya ya mama mukwe. Ile hesabu ya kambiste nayo niliituma kwa bwana yangu Kolwezi, akanyamaza siku moja nzima, kisha akaandika paka "ah".

Njo hivi nimegawanya hii 57: dola 20 ya mama wa kufula, nilimupata, ni jirani ya shangazi yangu, anaanza juma ya kuya. Dola 25 ya likilimba, juu tumeingia mbili ku mukono moja na mwenzangu wa kazi, kila muntu nusu, na nikalomba zamu yetu iangukie mwezi wa kenda wakati masomo inafunguka. Inabakia 12, hiyo ni ya gazi na ya kijana wa mayi. Fu ya lita 200 bwana ataleta mwenyewe toka Kolwezi, ni shariti nilimupa juu ya kunyamazia televizyo. Kamustari kale tumekazoea, kanapita paka ku shingo ya mwenye kusoma habari.

Tata, mahindi nitaona Mei, sasa hata dola tano sina penye kuitosha. Mama yangu wa Likasi bado sijamwambia habari ya konjelatere, nilimwambia tu umeme ni mubaya.

Swali ya mwisho: chupa ya gazi, banasema kuko benye banajaza nusu. Unajuaje?

Mama_Mapacha_Ruashi

Usinunue kwa muntu mwenye hana balansi. Ku chupa yenyewe kuko namba ya uzito wake ikiwa utupu, baliigonga ku chuma pale juu. Unapima mbele yake, unatosha ile namba, yenye inabakia njo gazi yako. Akianza kukasirika juu unapima, chukua chupa yako uende. Na ukienda siku ya posho, enda mapema, kisha saa ine kunakuwaka mustari. Si utakuwa na siku ya posho sasa.

Mama_Kampemba

Ya kwanza nalala. Gazi ni ya siku ya pili.