Tupeane uzoefu: pepa ya Kingereza kidato cha nne, ulitokaje kwenye F?

Fundi Geti

Wakuu habari za muda huu. Mimi nachomelea mageti na madirisha huku Kahama, mwaka huu nimejisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea narudia fomu foo mwezi wa kumi na moja. Chuo ninachokitaka kinadai pasi nne na Kingereza iwemo. Kiswahili, Civics na Bios sina wasiwasi navyo, hesabu nishakubaliana nayo kwamba hatupendani, ila hiki Kingereza ndio kinanitoa jasho.

Ushauri wa "soma kwa bidii" ninao wa kutosha nyumbani asanteni. Nataka mtu aliyekuwa chini akapanda aseme jioni akikaa na daftari alikuwa anafanya nini hasa. Ufahamu alikuwa anausomaje, grama aliishikaje. Maana mimi nikisoma ile habari maneno karibu yote nayajua moja moja ila nikifika mwisho ukiniuliza nani kamfanya nini nani nabaki nakutolea macho. Wa kejeli pia karibuni ila mje na kitu mkononi.

Nyuki wa Sikonge

Umenikumbusha mbali mkuu. Mimi nimesoma shule ya kata huko ndani ndani Tabora, mwalimu wa Kingereza alikuwa mmoja na huyohuyo anafundisha Historia na ndiye mwalimu wa zamu, kwa hiyo mkimuona darasani mnashangaa. Zile riwaya za kujibia swali la fasihi zilikuja nakala mbili tu na darasa lilikuwa limejaa mpaka madirishani.

Monita wetu mmoja, Mungu ampe maisha marefu, akachukua wembe akaifumua nakala moja kwenye mshono, akaigawa sura kwa sura, kila kipande akakishona na uzi wa gunia akakipachika jalada la boksi la sabuni. Kila kikundi kinapewa kipande chake kinakaa nacho siku kadhaa halafu mnabadilishana. Sasa sisi tukaangukiwa na sura za mwishoni, mtu anakufa anazikwa na wala hatumjui ni nani, watu wanalia msibani sisi tunaulizana huyu marehemu alifanya kazi gani. Ikabidi jioni tukutane chini ya mwembe kila kikundi kisimulie wenzie kipande chake, na sheria ya monita ilikuwa moja tu, unasimulia kwa Kingereza, kibovu hivyohivyo, hakuna kucheka lakini ruksa kusahihisha.

Nakwambia tensi mimi zilinikaa kichwani pale, siyo kwenye notisi za ubaoni. Ukisema "he go to town" watu wote wanapiga kelele WENT, unarudia, unaendelea. Baada ya muda ulimi wenyewe unaogopa. Na ufahamu ukawa mwepesi, sababu nilishazoea kusoma nikijua kuna watu wananisubiri niwaambie kilichotokea, husomi tena neno kwa neno, unatafuta nani kafanya nini na kwanini.

Kwa hiyo fundi kama una mtu hata mmoja hapo karakana, msomee. Hata kama hajui Kingereza msimulie kwa Kiswahili ulichosoma muda huohuo. Ukikwama ujue hapo hukuelewa, rudi juu.

Mchokozi wa Buza

Wachina wanajenga madaraja mpaka kesho na hicho Kingereza hawakijui, nyie endeleeni kulia na "had been".

Fundi Geti

Nilisema kitu mkononi mkuu.

@Nyuki hiyo ya kumsimulia mtu nimeipenda, nina kijana hapa ananisaidia kusaga, kuanzia leo atajua habari zote za kwenye pepa hataki anataka.

Bint Mtwapa

Salaam ndugu zetu. Mie niko upande wa pili wa mpaka, Kenya, kwetu mtihani wa kumaliza sekondari ni KCSE na Kingereza ni pepa tatu, ya kwanza maksi 60, ya pili 80, ya tatu 60, jumla 200. Sasa hebu angalieni, grama yenyewe yaani yale maswali ya grama tupu ni maksi 15 tu ndani ya pepa ya pili, na watu wakesha na grama mwaka mzima huku ufahamu pekee una maksi 20 na hawaugusi. Hilo nililiona nikiwa fomu foo tayari na sikuwa na muda wa kupoteza.

Kilichonibeba ni zoezi la kujaza mapengo. Kwetu liko pepa ya kwanza, kifungu kina mapengo kumi na hupewi maneno ya kuchagua, wajua mwenyewe. Mamangu alikuwa auza viazi karai jioni, kwa hiyo magazeti ya kufungia yalikuwa tele pale ndani ya Kingereza na ya Kiswahili. Dadangu alikuwa akichukua ukurasa, apitisha kalamu nyeusi juu ya neno moja kila mistari miwili mitatu, anipa nijaze pembeni, kisha tuweka karatasi kwenye mwanga wa dirisha twaona neno lililokuwako. Mara nyingi neno lililonishinda si gumu, ni yale madogo: of, at, since, which, despite. Yale ambayo mtu akisoma ayaruka. Nikaanza kuyaona kila mahali, na ule uandishi wangu wa insha nao ukanyooka bila kusoma kanuni yoyote.

Magazeti ya wiki iliyopita yatosha, usinunue mapya.

Chaki Mkononi

Nafundisha somo hili kwa hiyo mniruhusu niwe mrefu kidogo.

Kwanza, NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, baada ya mtihani huwa wanatoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, ipo kwenye tovuti yao bure kabisa. Watu wanashusha pepa za nyuma wanaiacha hiyo, sijui kwanini. Humo kuna picha ya jibu kama mtahiniwa alivyoliandika kwa mkono wake, zuri na bovu, na maelezo kwanini huyu amepewa na huyu amenyimwa. Utaona mtu ameulizwa swali la ufahamu akanakili aya nzima akitumaini jibu limo humo ndani. Mwingine ameandika insha kwa Kiswahili. Fundi ukisoma taarifa za miaka miwili mitatu utaanza kusoma majibu yako mwenyewe kwa jicho la msahihishaji, na hilo linasaidia kuliko kitabu chochote cha grama ninachokijua.

Pili, zile za kuandika upya sentensi kwa kufuata maelekezo. Mfano wanakupa "The box is too heavy for me to lift", wanasema tumia so ... that. Wanafunzi wangu wengi wanaandika "The box is so heavy that I can lift it". Wamebadilisha maneno wakaacha maana njiani! Ile too imebeba ukanushi ndani yake, ukiiondoa lazima cannot iingie: "The box is so heavy that I cannot lift it". Na ile it ya mwisho nayo inarudi, kwenye sentensi ya kwanza haikuwepo. Kila ukimaliza kugeuza soma zote mbili jiulize, boksi limenyanyuliwa au halijanyanyuliwa? Kama zinatofautiana umekosa, hata kama kila neno limekaa vizuri.

Ni hivyohivyo kwenye kauli ya taarifa. "I will come tomorrow", Juma said, mtoto anageuza will kuwa would anaridhika, tomorrow inabaki imekaa palepale. Inatakiwa the next day au the following day.

Tatu, na hapa Bint Mtwapa ameniwahi, jua maksi ziko wapi. Kwa alama za sasa D inaanzia 30 na C inaanzia 45. Wewe unayetaka pasi huhitaji kuijua lugha yote kabla ya Novemba, unahitaji usiache maksi za bure: barua iwe na anuani na tarehe mahali pake, samari isizidi maneno waliyosema, sentensi za kupanga zipangwe kwa kutafuta inayoweza kuanza yenyewe bila kutegemea nyingine.

Pepa za Nyuma

Mimi ni toleo la 2012. Wanaokumbuka wanakumbuka, matokeo yametoka Februari 2013 zaidi ya nusu ya waliofanya wana ziro, kelele nchi nzima, mwishowe serikali ikayafuta yakapangwa upya. Wenzangu walipanda madaraja, mimi Kingereza ilikuwa F kabla na F baada, yaani hata huruma ya serikali haikunifikia.

Nilirudia nikiwa mlinzi wa usiku kwenye jengo moja hapa Dar, na ulinzi mkitaka kujua ni kazi ya kusomea hasa kuanzia saa saba usiku. Nilikuwa na redio ndogo, enzi hizo VOA walikuwa na kipindi chao cha Special English wanasoma habari taratibu na kwa maneno mepesi, nikikipata nasikiliza naandika nilichoshika.

Ufahamu nilibadilisha kitu kimoja, kusoma maswali kwanza. Nasoma maswali yote, halafu naingia kwenye habari na penseli, nikikuta mahali panapojibu swali la tatu naandika 3 pembeni ya mstari. Nikimaliza habari nina namba zangu pembeni, narudi kwenye kila namba na kuandika jibu kwa sentensi yangu. Mkuu ile shida yako ya kufika mwisho hujui kilichotokea inatokana na kusoma bila kujua unatafuta nini.

Grama sikumaliza kitabu. Nilipanga pepa za nyuma chini kwenye kibanda nikaandika kila aina ya swali na mwaka wake, vitu ni vilevile vinarudi, passive, kauli ya taarifa, if zote tatu, hardly na no sooner, unless, question tag. Nikavipiga hivyo tu mpaka vikaniota. Nilitoka na C na nilisherehekea na chipsi kuku pale pale lindo.

Mama Wawili

Nawaheshimu ila pepa za nyuma mimi zilinishinda kabisa, nafungua naona kizunguzungu. Nilikuwa na watoto wawili wako English medium, mkubwa darasa la tatu. Nikaanza kusoma vitabu vyake vya hadithi, vile vyembamba vya picha, kuku na sungura. Aibu? Ilikuwepo ndio, nilikuwa nasoma jikoni mlango umefungwa. Lakini mtu unamaliza kitabu kizima umekielewa chote, mimi sikuwahi kuipata hiyo raha tangu nizaliwe. Nikapanda vya la tano, vya la saba, kufika kwenye riwaya ya fomu foo sikuwa naogopa ukurasa tena. Mwanangu ndio alikuwa ananisahihisha matamshi, "mama siyo hivyo", nakubali yaishe.

Pepa za nyuma nilizirudia miezi ya mwisho na kweli zilikuwa nyepesi kidogo. Kwa hiyo anayesema pepa tu mimi sikubaliani naye, mtu asiyeweza kumaliza ukurasa mmoja ukimpa pepa unamvunja moyo.

Pepa za Nyuma

Mama Wawili wewe ulikuwa na muda, fundi ana Novemba mlangoni.

Mama Wawili

Muda gani na watoto wawili na genge la mboga baba? Nilikuwa nasoma ugali ukiwa jikoni.

Mchokozi wa Buza

Haya basi na mimi nilete kitu msiniondoe. Question tag, zile tatu wanazopenda kutegea watu: "I am late, aren't I?" siyo amn't. "Let's go, shall we?" Na "Nobody came, did they?", hapo nobody ni kanushi kwa hiyo mkia unakuwa chanya, na unatumia they. Nilizijua hizi siku ya mtihani asubuhi nje ya geti kwa kudandia kundi la wanafunzi wa sista, ikatoka moja. Wachina bado hawajui.

Fundi Geti

Hahaha Mchokozi kumbe unazo.

Wakuu nimejaribu jana usiku ile ya namba pembeni, habari ilikuwa ya wafugaji na ukame, kwa mara ya kwanza nimejua ng'ombe waliuzwa na nani na kwanini. Kijana wangu wa kusaga nikamsimulia akauliza "sasa bei ilikuwaje", nikarudi kwenye karatasi kuangalia, haikuandikwa, kumbe hata hilo naweza kujua.

Mwalimu Chaki niangalizie hii nimeitunga mwenyewe ya no sooner: "No sooner had I switched on the machine than the power went off."

Chaki Mkononi

Safi kabisa, hakuna cha kugusa, had imekaa mbele ya I kama inavyotakiwa na than ipo. Na umeme umekatika kwa sarufi sahihi. Sasa igeuze uanze na hardly.

Fundi Geti

"Hardly had I switched on the machine than the power went off."

Nyuki wa Sikonge

WHEN!

Mama Wawili

When baba, when.

Fundi Geti

Nimeshika, hardly na when, no sooner na than. Mteja wa geti amefika hapa anataka vipimo, usiku nashusha za passive.