Naomba ushauri: nimekabidhiwa kuongoza mjadala wa usharika kuhusu hukumu za mimba, ndoa na sala shuleni

Mwalimu_Nyakato (mwanzisha uzi)

Waheshimiwa wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa wasemaji wa Kiswahili hapa Ohio, Marekani, wenye waumini waliotoka Tanzania, Kenya, Burundi na mashariki ya Kongo. Vijana wetu, ambao wengi wamezaliwa au wamekulia hapa, wameomba kikao cha wazi kuhusu hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani juu ya utoaji mimba, ndoa ya watu wa jinsia moja na sala shuleni, na baraza la wazee limenikabidhi uenyekiti kwa hoja kwamba niliwahi kufundisha Uraia sekondari huko nyumbani. Nimekubali, lakini hatari yake nimekwishaiona. Katika kikao cha maandalizi mzee mwenzangu alisema kwamba mahakama ilimfukuza Mungu shuleni na mwaka 2022 ikamrudisha. Binti mmoja wa chuo kikuu akamjibu kwamba mahakama hiyo hiyo imewanyang'anya wanawake mamlaka juu ya miili yao. Mama mmoja akauliza kama mchungaji wetu atalazimishwa kufungisha ndoa ya wanaume wawili. Tukaachana usiku bila mtu yeyote kutaja hata kesi moja kwa jina lake.

Msimamo wa kanisa letu juu ya mambo haya unajulikana, wala sikuitwa kuubadilisha. Ninachoomba ni ushauri wa namna ya kukiendesha kikao hicho ili watu wajadili hukumu zenyewe badala ya kurushiana maneno.

Kuna na jambo jingine lililo karibu zaidi. Jirani yangu, Mwislamu wa kutoka Tanga, ana mtoto anayecheza mpira wa Kimarekani katika shule ya umma. Kila mechi inapokwisha kocha hupiga goti katikati ya uwanja na wachezaji humzunguka. Kijana huyo hupiga goti pamoja nao kwa sababu anaogopa kuwekwa benchi, na baba yake ameniuliza kama anaweza kulalamika bila kumharibia mwanawe. Sikuwa na jibu la uhakika.

Karani_wa_Minnesota

Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi katika ofisi ya mawakili, na ushauri wangu ni kwamba kabla mtu hajasema hukumu fulani ni njema au mbaya, aeleze kwanza mahakama iliulizwa nini. Ukilisimamia sharti hilo, nusu ya ugomvi mlioupata usiku ule hautatokea.

Chukua sala. Katika kesi ya Engel dhidi ya Vitale, ya mwaka 1962, hakuna mtoto aliyekatazwa kusali. Bodi ya elimu ya jimbo la New York ilikuwa imetunga sala fupi, ya maneno 22 kwa Kiingereza, na kupendekeza isomwe madarasani kila asubuhi. Wazazi wachache wa New Hyde Park wakaenda mahakamani, na majaji sita dhidi ya mmoja wakaamua kwamba kutunga sala rasmi si kazi ya serikali, hata kama mtoto anaruhusiwa kunyamaza au kutoka nje. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Abington dhidi ya Schempp, uamuzi kama huo uligusa usomaji wa Biblia na Sala ya Bwana unaoongozwa na shule. Mwanafunzi anayesali peke yake kabla ya mtihani hakuguswa, na vijana wa sekondari wanaotaka kukutana kusoma Biblia baada ya masomo wanalindwa na sheria ya mwaka 1984, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha mwaka 1990. Kwa hiyo mzee mwenzako anaomboleza jambo ambalo hukumu haikulisema.

Kesi ya 2022, Kennedy dhidi ya wilaya ya shule ya Bremerton, inamhusu kocha wa jimbo la Washington aliyekuwa akifanya hasa kile unachokieleza. Alishinda kwa majaji sita dhidi ya watatu. Jaji Gorsuch, aliyeandika kwa niaba ya wengi, alieleza sala ya kimya ya mtu binafsi baada ya kazi; Jaji Sotomayor, aliyepinga, aliweka picha ndani ya hukumu yake zinazomwonyesha kocha amezungukwa na wachezaji. Majaji hao hawakutofautiana juu ya sheria tu, walitofautiana hata juu ya kilichotokea uwanjani. Tena katika kumbukumbu za kesi kulikuwa na mzazi aliyesema kwamba mwanawe, asiyeamini Mungu, alijiunga kwa hofu ya kupunguziwa muda wa kucheza. Ningekuwa wewe, ningeanza na kesi hii, na picha hizo ningezionyesha ukutani.

Kuhusu mimba, hukumu ya Dobbs ya tarehe 24 Juni 2022 haikuharamisha utoaji mimba. Ilifuta hukumu ya Roe ya mwaka 1973, iliyokuwa imetambua haki ya kutoa mimba nchi nzima, kwa kusema kwamba haki hiyo haimo katika Katiba ya Marekani na kwamba uamuzi urudi kwa wananchi na wawakilishi wao. Hata hapo, majaji watano ndio walioifuta Roe. Jaji Mkuu Roberts aliunga mkono sheria iliyobishaniwa, ile ya jimbo la Mississippi ya kuzuia utoaji mimba baada ya wiki 15, bila kutaka kufika mbali kiasi hicho. Jimboni kwenu, sheria iliyopitishwa mwaka 2019 ya kuzuia utoaji mimba tangu takriban wiki ya sita ilianza kutumika siku ile ile, mahakama ya huko ikaisimamisha Septemba, na Novemba 2023 wapiga kura wapatao asilimia 57 wakaiweka haki hiyo ndani ya katiba ya jimbo. Waliofurahi na waliolia Juni 2022 walibadilishana nafasi kabla miaka miwili haijapita.

Muuguzi_Dallas

Mwalimu, pole kwa mzigo huo. Ndugu Karani amefafanua vizuri, lakini namwomba asiufungie mjadala wote ndani ya swali la nani mwenye mamlaka ya kuamua, kwa sababu swali hilo linaonekana safi kwenye karatasi tu.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi hapa Texas. Sheria ya jimbo hili inamtishia daktari kifungo kinachoweza kufika cha maisha, faini isiyopungua dola 100,000 na kupoteza leseni, isipokuwa pale maisha ya mama au utendaji muhimu wa mwili wake unapokuwa hatarini. Sasa fikiria mama ambaye chupa imempasukia katika wiki ya 18. Kila aliyemo chumbani anajua kwamba mtoto huyo hatapona na kwamba maambukizi yanaweza kuanza wakati wowote, lakini moyo wa mtoto bado unapiga, na daktari, badala ya kuuliza kama chumba cha upasuaji kiko tayari, anauliza kama wanasheria wa hospitali wamejibu simu. Mwaka 2025 bunge la jimbo lilitunga sheria ya kufafanua kwamba daktari hahitaji kusubiri hadi kifo kiwe mlangoni. Ufafanuzi huo usingehitajika kama mambo yangekuwa wazi tangu mwanzo.

Isitoshe, katika viti vya usharika wenu wamo akina mama walioharibikiwa na mimba na wakasafishwa hospitalini, na dawa na utaratibu waliofanyiwa ni ule ule unaotajwa katika sheria hizi. Wengi wao hawajamweleza hata mchungaji. Mkianza kupaza sauti juu ya wauaji, wao watakuwa wamekaa hapo hapo wanawasikiliza. Nakushauri sehemu hiyo ya kikao uiongoze pamoja na mwanamke mtu mzima, na wanaume wasipewe nafasi ya kwanza ya kusema.

Mchungaji_Mstaafu

Bwana asifiwe, mzee. Kwa upande wangu naamini kwamba mtoto ni mtu tangu kutungwa kwake mimba, na sitajifanya vinginevyo ili nionekane mwungwana. Lakini nakubaliana na dada muuguzi katika jambo moja ambalo huenda hakulitarajia kutoka kwangu: hata mimi siridhiki na jibu la kwamba waamue wapiga kura. Kama uhai wa mtoto ni uhai, asilimia 57 ya watu wa Ohio haina mamlaka ya kuuondoa. Na kama yeye anaona kwamba afya ya mama si jambo la kupigiwa kura, bunge la Texas nalo halina. Tuko pande mbili, na hukumu ya Dobbs haimtoshelezi yeyote kati yetu. Jambo hilo lisemwe wazi, kwa maana vijana hudhani kwamba kila mwenye msimamo kama wangu aliona hukumu ile kuwa mwisho wa safari.

Kuhusu ndoa, mama aliyeuliza apewe jibu la moja kwa moja: hapana, mchungaji halazimishwi. Hukumu ya Obergefell ya tarehe 26 Juni 2015, iliyohalalisha ndoa ya watu wa jinsia moja nchi nzima, ilihusu majimbo na vyeti vyao, na yenyewe inakiri kwamba dini zinaweza kuendelea kufundisha zinavyoamini. Sheria ya Bunge la Marekani ya Desemba 2022 inayolinda ndoa hizo nayo inasema kwamba taasisi za dini hazilazimiki kutoa huduma ya kuzifungisha. Hofu hiyo inasambazwa sana katika makundi ya WhatsApp, na ningependa ife kabla kikao hakijaanza.

Halafu waelezeni watu wa Ohio kwamba kesi hiyo ilitoka kwao. Jim Obergefell na mwenzake John Arthur waliishi Cincinnati. Arthur alikuwa akifa kwa ugonjwa unaolegeza misuli yote ya mwili, na kwa kuwa Ohio ilikuwa imekataza ndoa hizo katika katiba yake tangu 2004, Julai 2013 walikodi ndege ya wagonjwa hadi Maryland, wakafunga ndoa ndani ya ndege hiyo ikiwa imesimama uwanjani, wakarudi. Kilichoombwa mahakamani kilikuwa jina la Obergefell kuandikwa kwenye cheti cha kifo kama mwenzi aliyebaki. Mimi bado naona kwamba Jaji Roberts alikuwa sahihi katika hukumu yake pinzani, aliposema kwamba wanaofurahia uamuzi huo wafurahi, ila wasiisherehekee Katiba, kwa kuwa haikuhusika. Hata hivyo, anayetaka kuipinga hukumu hiyo mbele ya usharika aisimulie kwanza safari ile ya ndege, na asiisimulie kwa kejeli.

Bi_Saida_Maryland

Assalaam alaykum. Nitajibu suala la jirani yako, maana mzazi mwenye swali kama hilo hawezi kusubiri mjadala wenu uishe.

Baba huyo asilalamikie sala ya kocha. Tangu mwaka 2022, kocha anayesali mwenyewe ana kinga kubwa, na lalamiko la aina hiyo litageuka vita ya mji mzima. Aandike barua fupi kwa mkuu wa michezo wa shule na nakala kwa mkuu wa shule, aeleze kwamba mwanawe ataondoka uwanjani mechi ikiisha, na aombe uthibitisho wa maandishi kwamba hatua hiyo haitaathiri nafasi yake kwenye timu. Kulazimisha wanafunzi bado ni kosa. Hukumu ya Kennedy ilisimama juu ya maelezo kwamba hakuna aliyelazimishwa. Aweke na kumbukumbu ya dakika alizochezeshwa mwanawe kabla ya barua na baada yake. Kwa uzoefu wangu, barua yenye adabu iliyoomba jambo moja tu hujibiwa haraka kuliko ile iliyoomba matano.

Vijana wenu waelezwe pia kuhusu kesi ya Mahmoud dhidi ya Taylor, iliyotoka hapa kaunti ya Montgomery, Juni 2025. Wazazi Waislamu, Wakatoliki na wa Kanisa la Orthodoksi walisimama pamoja kudai kujulishwa na kuruhusiwa kuwatoa watoto wao darasani wakati wa vitabu vya hadithi vyenye wahusika wa mapenzi ya jinsia moja, na Mahakama ya Juu ikawapa ushindi wa awali kwa majaji sita dhidi ya watatu. Niliifurahia hukumu hiyo, lakini binti yangu, ambaye ni mwalimu, anasema inamwachia kazi ya kubahatisha ni ukurasa gani utamkera nani. Hatujaafikiana hadi leo. Muwaulize Wakristo wenzako kama kocha wa goti angewapendeza vile vile iwapo angekuwa anasujudu kuelekea Makka.

Mwana_wa_Isiolo

Naongeza kidogo tu, kwa kuwa umetaja Wakenya. Kwetu kulikuwa na kesi ya shule ya sekondari ya St Paul Kiwanjani, ambayo mfadhili wake ni Kanisa la Methodisti, kuhusu wasichana Waislamu na hijabu. Kanisa lilishinda Mahakama Kuu mwaka 2015, likashindwa katika Mahakama ya Rufani mwaka 2016, kisha Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ya rufani kwa sababu dai la hijabu halikufikishwa mahakamani kwa utaratibu unaofaa. Miaka yote hiyo, na swali lenyewe la haki likabaki bila jibu la mwisho.

Mwalimu_Nyakato

Nawashukuru sana, kila mmoja kwa nafasi yake. Ndugu wa Isiolo, kesi hiyo nitaiacha kwa ajili ya mazungumzo ya chai, kwa sababu nikiifungua ukumbini Wakenya wetu hawatarudi Marekani hadi usiku.

Nimeamua tuanze na kocha wa Bremerton, na picha za Jaji Sotomayor zionekane kabla sijasema nani alishinda. Sehemu ya mimba itaongozwa na mama mmoja aliyekuwa mkunga Uvira, nami nitakaa chini. Ndoa itakuwa ya mwisho, na swali la mchungaji kulazimishwa litajibiwa mwanzoni kabisa. Barua ya jirani tumekwishaanza kuiandika. Bi Saida, swali lako la kusujudu nitaliuliza kama lilivyo, na lawama nitazipeleka kwako.

Tatizo lililobaki ni lugha. Wazee wengi hawasomi Kiingereza cha mahakama, nami sitaki wasikie kesi kupitia kinywa changu tu.

Karani_wa_Minnesota

Mwalimu, hukumu ya Kennedy ina muhtasari mwanzoni, wa kurasa chache. Nitautafsiri pamoja na aya kadhaa za hukumu pinzani, kisha nikutumie kabla ya Alhamisi. Ila uandike juu ya karatasi kwamba muhtasari huo huandaliwa na ofisi ya mahakama na si sehemu ya hukumu, maana kijana mmoja atakayeusoma kwenye simu ataliona hilo na kukusimamisha mbele ya watu.