Naomba ushauri: harufu ya choo cha kubeba mlimani

Wakuu, habari za kazi. Naongoza wageni Kilimanjaro, njia ya Machame. Choo chetu ni kile cha plastiki chenye tangi la lita 20 chini, tunakiweka ndani ya hema dogo. Kambi za chini hakuna shida. Tukifika kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, usiku dawa ya bluu ya kuzuia harufu tunayotia tangini inaganda, na asubuhi jua likipiga hema harufu haivumiliki. Anayeumia zaidi ni mgumu (mpagazi) anayebeba tangi na kulimwaga, na hilo linaniuma sana. Nafikiria kutenga mkojo, kisha kufunika kinyesi kwa maranda badala ya dawa. Kuna aliyejaribu kwenye baridi hiyo? Maranda yakishaloa, mnayateremsha mpaka geti la Mweka, tunakotokea tukishuka, au mnafanyaje?